Brashi nene na herufi “a” sita za Dagaa wa Mwanza

Mama mmoja anayefungasha dagaa pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, alikuja ofisini kwangu na kipande cha karatasi ya daftari. Alikuwa ameandika jina analotaka likae kwenye pakiti: Dagaa wa Mwanza. “Nataka yale maandishi manene ya brashi,” akasema, “yale yanayoonekana kama mtu kayapiga kwa mkono mara moja, akaondoka.” Nikafungua kompyuta, nikachagua fonti niliyoiamini, nikaandika jina, nikamgeuzia kioo. Akatazama kidogo, kisha akaweka kidole kwenye neno la kwanza. “Mwanangu, mbona hizi a zimegongwa muhuri?”

Alisema kweli, na hakuhitaji kusomea usanifu ili aione. Hesabu mwenyewe: jina lile lina herufi 13, na sita kati yake ni a. Katika neno “dagaa” a mbili zimekaa bega kwa bega. Kila moja ilikuwa na tumbo lilelile, mkwaruzo uleule upande wa kushoto, mkia uliopinda kwa kiasi kilekile. Mkono wa mtu hauandiki hivyo. Mchoraji mzoefu akipiga a sita mfululizo, moja itanenepa kwa sababu brashi imetoka kuchovywa, nyingine itakonda kwa sababu rangi inaisha. Fonti ya brashi inamuuzia mteja mkono wa mtu, ilhali ndani yake ni faili linalorudia umbo lilelile kila kitufe kinapobonyezwa. Shida yote ya herufi hizi inaanzia hapo, na Kiswahili kinaifichua mapema kuliko Kiingereza, lugha ambayo wabunifu wengi wa fonti hizi huitumia kuzijaribu.

Tuanze na brashi yenyewe. Brashi bapa, ambayo nywele zake zimekaa kama ncha ya patasi, hutoa unene kutokana na pembe. Ukiivuta kwa upana wake unapata mstari mnene, ukiivuta kwa ukingo wake unapata mwembamba, na nguvu ya mkono haijabadilika. Brashi ya duara yenye ncha hutoa unene kutokana na mkandamizo: ukiigandamiza nywele zinafunguka, ukiinyanyua zinajikusanya. Kwa hiyo ukiletewa fonti ya brashi, swali la kwanza ni unene wake unatoka wapi. Kama mistari ya kushuka ni minene na ya kupanda ni myembamba, aliyeichora alikuwa na brashi ya duara akilini. Kama unene unafuata pembe moja, hata kwenye mikunjo, ni brashi bapa. Fonti inayochanganya tabia hizi mbili ndani ya herufi moja hukera macho hata ya mtu asiyeweza kueleza kinachomkera.

Niliwahi kukaa asubuhi nzima ufukweni na mzee anayeandika majina ya mitumbwi. Baada ya shikamoo na marahaba hakusema mengi, nami nilikuwa nimekwenda kutazama mkono wake. Aliandika kwa brashi bapa na rangi ya mafuta, na hakuna herufi aliyoimaliza bila kuitazama inayofuata. Aliporudia herufi aliyokwisha kuiandika, aliibana au kuipanua kulingana na jirani zake. Alipofika kwenye a ya mwisho alipima kwa macho nafasi iliyobaki hadi mwisho wa ubao, akauvuta mkia mpaka ukaijaza. “Ubao wa mtumbwi haukunyooka,” aliniambia, “kwa hiyo na herufi isinyooke.” Karibu kila kitu ambacho fonti nzuri ya brashi inajitahidi kukifanya kwa hesabu, mzee yule alikifanya mbele yangu akiwa amepiga goti kwenye mchanga.

Ujuzi huo wa brashi ni wa kale kuliko watu wanavyodhani. Padri Edward Catich wa Marekani, ambaye ujanani aliwahi kuandika mabango huko Chicago, alichunguza maandishi yaliyochongwa kwenye nguzo ya mfalme Trajan mjini Roma, ya mwaka 113. Mwaka 1968 alichapisha hoja yake kwamba herufi zile zilichorwa kwanza kwa brashi bapa, kisha mchongaji akafuata rangi kwa patasi. Kwa maelezo hayo, hata vile vijiguu kwenye miisho ya herufi za Kirumi ni alama za brashi ikiwekwa na kuinuliwa. Nikiutazama mkono wa mchoraji wa Kirumba nafikiri juu ya hilo, na heshima yangu kwake inaongezeka.

Tatizo la marudio lilianza pale mwandiko huo ulipotakiwa kuingia kwenye mashine. Enzi za chapa ya risasi, yaani herufi zilizotengenezwa kwa madini ya risasi, kila herufi ilikaa juu ya kipande chake cha madini hayo chenye pembe nne. Mwandiko wa mkono unataka herufi zishikane, lakini vipande vya risasi vinaishia kwenye kingo zao. Ikabidi kila herufi ianze na kuishia mahali palepale kwenye ukingo, kimo kilekile, ili ikigusana na jirani yoyote kiungo kionekane kimoja. Mwaka 1942 kampuni ya American Type Founders ilitoa Brush Script, iliyochorwa na Robert E. Smith, na hiyo ndiyo fonti ambayo jina lake limekuwa karibu sawa na aina yenyewe. Baadaye toleo lake lilisambazwa pamoja na programu za Microsoft, likaingia kwenye kompyuta za maofisi na steshenari. Ndiyo maana ukiiona unahisi umeshaiona kwenye kadi ya harusi. Viungo vyake ni safi. Lakini kila a ni a ileile.

Mfaransa Roger Excoffon aliliendea tatizo kwa njia nyingine. Fonti yake ya Mistral ilitolewa mwaka 1953 na kiwanda cha Fonderie Olive cha Marseille, ikiwa na jina la upepo mkali wa kusini mwa Ufaransa. Aliuchukua mwandiko wake mwenyewe na kuuacha uyumbe: herufi zinapanda na kushuka, nyingine nene nyingine nyembamba, na bado zote zinakutana kwenye kiungo bila kukosea. Miaka miwili baadaye alitoa Choc, nzito zaidi, iliyojaa nguvu ya brashi, na hii hakuilazimisha kuungana. Kwa maoni yangu Mistral ndiyo kazi kubwa kuliko zote za aina hii katika zama za risasi. Excoffon hakuweza kuwa na a nyingi, kwa hiyo aliifanya ile moja isitabirike kiasi kwamba jicho linachelewa kugundua kuwa inarudi.

Dawa halisi ilikuja na kompyuta, na haikuja mara moja. Fonti za awali za kidijitali zilikuwa na nafasi 256 tu za maumbo, na zikishakaa herufi kubwa, ndogo, tarakimu na alama, hapabaki pa kuweka a ya ziada. Mwaka 1996 Microsoft na Adobe zilitangaza muundo wa OpenType, ambamo faili moja linaweza kubeba maumbo zaidi ya 65,000. La muhimu zaidi, fonti ikaweza kubeba sheria. Mbunifu anachora a ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha anaandika ndani ya faili maagizo ya namna hii: kama kuna a nyingine karibu nyuma yake, tumia ya pili, kama ile ya pili nayo imeshatumika, tumia ya tatu. Anaweza kuagiza umbo la mwanzo wa neno, la mwisho wa neno, au umbo moja lililochorwa kwa ajili ya herufi mbili zinazofuatana. Ni akili ya mzee wa mitumbwi ikiwekwa kwenye maandishi.

Pablo Impallari wa Argentina aliitumia nafasi hiyo vizuri katika Lobster, fonti nene ya mwandiko aliyoitoa mwaka 2010. Badala ya kuilazimisha kila herufi ipatane na jirani wote, alichora maumbo mengi ya jozi, ili herufi mbili zinazogombana zipate umbo la pamoja. Ikatolewa bure, ikapendwa duniani kote, na kupendwa huko kukawa mzigo wake, kwa kuwa leo inatambulika kabla hata jina la biashara halijasomwa.

Sasa tuirudishe kwenye Kiswahili, ambako mambo yanakuwa matamu.

Maneno yetu karibu yote huishia na irabu, na a imejaa kila mahali. Mbunifu anayejaribu fonti yake kwa Kiingereza anaona mikia yake mizuri ikining'inia chini ya y na g mwishoni mwa maneno. Sisi tunahitaji mkia wa a, wa i, wa o, wa u. Fonti yenye y za mwisho tano na a ya mwisho moja haikuchorwa kwa ajili ya Kirumba, hata iwe nzuri namna gani kwenye picha ya tangazo lake. Zaidi ya hapo, sisi tunaandika irabu mbili mfululizo: dagaa, vifaa, kaanga, chakula cha saa saba. Hapo a mbili zinagusana kabisa, na kama sheria ya mbadala, yaani ile ya kubadilisha umbo la a, haipo, hakuna pa kujificha.

Kisha kuna neno ambalo kila mfanyabiashara analitaka kwenye bango: nunua. Liandike kwa fonti nene ya brashi uone. Herufi n na u ni nguzo mbilimbili zilizounganishwa, moja kwa juu, nyingine kwa chini. Brashi ikiwa nene, kile kiunganishi kinachotofautisha juu na chini kinafifia, na “nunu” inabaki nguzo nane zilizosimama kama uzio wa miti. Mtu aliye ndani ya daladala haisomi. “Mwanza” ina shida ya jamii hiyohiyo: M kubwa inafuatwa na w, milima miwili mizito bila bonde kati yake, na mwanzo wa jina unakuwa doa jeusi. Mbunifu mwenye busara huipunguza w upana, au huishusha M iwe na miguu iliyo wazi.

Ng'ombe naye ana lake. Kile kikoma cha juu kwenye ng' kwetu ni sehemu ya herufi, lakini fonti nyingi zinakichukulia kama alama ya kufungia maneno. Kinakatisha kiungo kati ya g na herufi inayofuata, na mara nyingi kinazima sheria za mbadala, kwa sababu mbunifu hakutarajia kitu kati ya herufi mbili. Kanda ya Ziwa tuna majina mengi ya namna hii, na anayetengeneza nembo ya biashara ya Nyang'hwale anakutana nayo katikati kabisa ya jina. Suluhisho langu ni kukiondoa kikoma kwenye mstari, kuacha g ishikane na h kama kawaida, kisha kukirudisha juu kwa mkono kama pigo dogo la brashi.

Na bei. Sisi tunaandika 5,000/=, na fonti nyingi za brashi zina tarakimu zilizochorwa kwa haraka mwishoni mwa kazi, huku alama ya = ikiwa haipo au imeazimwa kwenye fonti nyingine. Ijaribu kabla hujamwahidi mteja.

Jambo linalowavunja moyo vijana wengi ni kununua fonti yenye mbadala zote hizi, kisha wasizione. Hazipotei, zimezimwa. Katika Microsoft Word mbadala za muktadha hazifanyi kazi mpaka uziwashe: fungua dirisha la mipangilio ya fonti, nenda kwenye kichupo cha pili, utakuta sehemu ya OpenType. Adobe Illustrator, programu ya kuchorea, yenyewe huziwasha, na ukichagua herufi moja inaweza kukuonyesha wenzake uchague kwa mkono. Baadhi ya programu nyepesi zinaweza kusoma umbo la kwanza tu na kuzipuuza sheria. Ukibuni kwenye programu ya namna hiyo basi ujue unabuni na a moja.

Kuhusu unene. Watu huomba maandishi manene wakidhani unene ndio unaofanya bango lisomeke kwa mbali. Unene husaidia hadi kiasi fulani, kisha hugeuka adui, kwa sababu kinachosomeka ni tundu. Jicho linaitambua a kwa nafasi iliyo wazi ndani yake, vivyo hivyo e na o. Brashi ikizidi kunenepa matundu yanazibika, na ukisogea nyuma hatua 20 unabaki na mstari wa madoa. Waandika mabango wana kanuni ya kukadiria: sentimita 2.5 za kimo cha herufi kwa kila mita 3 za umbali. Bango litakalotazamwa kutoka mita 30 lidai herufi za sentimita 25. Jina la boti linalopaswa kusomeka kutoka mita 60 lidai nusu mita. Lakini katika mwandiko wa brashi kimo hicho ni cha herufi kubwa. Herufi ndogo mara nyingi ni nusu yake au pungufu, kwa hiyo kwenye bango lako la herufi za sentimita 25, a zina kama sentimita 12. Ongeza, au fupisha jina.

Kwa sababu hiyohiyo usiandike neno zima kwa herufi kubwa za brashi. Herufi kubwa katika fonti hizi zimechorwa kufungua neno, zina mabega na mikia ya kuwakaribisha wadogo. Ukizipanga zote pamoja zinagongana kama abiria kwenye mlango wa kivuko.

Nina somo lingine nililolipia. Niliwahi kutuma jina la boti kwa duka la stika, faili likiwa maandishi ya brashi yaliyoungana vizuri kwenye kioo. Stika ikarudi imekatwa kila mahali herufi mbili zilipokutana, na vipande vidogo kwenye viungo vikabanduka wakati wa kubandika. Kosa lilikuwa langu, na chanzo chake ni muundo wenyewe. Ndani ya kompyuta herufi za mwandiko haziungani, zinalaliana tu. Kiungo cha d kinaingia juu ya a, na rangi inapokuwa moja jicho halioni mpaka. Plota, mashine inayokata stika, haioni rangi. Inafuata mistari ya nje ya kila herufi, hata ile iliyofichwa chini ya jirani, na inakata yote. Kabla ya kutuma, geuza maandishi kuwa maumbo, kisha yaunganishe yawe umbo moja. Ndipo kisu kitazunguka nje tu. Pia usiongeze nafasi kati ya herufi za mwandiko, maana viungo vinaachana.

Mikwaruzo ya brashi kavu nayo ina mahali pake. Kwenye bango kubwa la kuchapishwa inapendeza sana, inaonekana kama rangi imeishia njiani. Kwenye kofia ya kudarizi uzi hauwezi kuifuata. Kwenye tisheti ya kuchapa kwa wavu vidoadoa vidogo vinaziba au vinapotea. Kwa nembo itakayoishi kote huko, chora toleo la kingo safi kwanza, lenye mikwaruzo liwe la pili.

Leseni nitaigusa kwa ufupi, ingawa wengi huiruka. Fonti ni programu, na ina mwenyewe. Maneno “bure kwa matumizi binafsi” yana maana kwamba pakiti ya dagaa inayouzwa sokoni haimo. Fonti zilizo chini ya leseni ya wazi ya SIL, kama Lobster, unaweza kuzitumia kwenye biashara bila malipo, mradi usiiuze fonti yenyewe peke yake. Na hata ukisajili nembo yako BRELA, wakala wa usajili wa biashara, fonti haigeuki kuwa mali yako: jirani yako wa Igoma anaweza kuipakua usiku huu. Kinachoifanya nembo iwe yako ni yale uliyoyabadilisha kwa mkono, pale leseni inaporuhusu.

Ndivyo tulivyofanya kwa yule mama. Neno “wa” nililiweka dogo, kwa herufi za kawaida zisizo za brashi, na hapo a moja ikatoka kwenye mzigo. Nikazichagua mbadala tatu zilizokuwemo kwenye fonti. Mbili zilizobaki nilizipiga mwenyewe kwa brashi ya duara na wino kwenye karatasi, nikazipiga tena na tena mpaka zikakubali, nikazipiga picha na kuziingiza. Katika “dagaa” a ya katikati imenenepa, ya mwisho imekonda na mkia wake unapita chini ya neno hadi kwenye d. M ya Mwanza nikaifungua miguu. Nikaunganisha vyote kuwa umbo moja, nikachapisha kwenye karatasi kwa ukubwa halisi wa pakiti, nikambandikia ukutani, nikamwomba asimame mlangoni.

Kidole chake kilipita hewani juu ya jina lote bila kusimama, kikashuka mpaka chini ya pakiti. “Hapo kwenye gramu 250,” akasema, “ongeza ukubwa. Wateja wangu wa Shinyanga wanauliza uzito kwanza.”